Jibu: Jerry Simpson na hadithi ya soksi

Umeuliza kama kweli Jerry Simpson, mwanasiasa wa jimbo la Kansas, aliingia Bunge la Marekani bila soksi. La. Mwaka 1890, akishindania kiti cha Bunge na James Hallowell, alimtania kwamba anavaa soksi za hariri. Wapinzani wakageuza kwamba Simpson hana soksi kabisa. Naye akalikumbatia jina la utani "Jerry Asiye na Soksi", maana wapigakura wake walikuwa wakulima wenye madeni.

Usianzie kwenye soksi, anzia kwenye ng'ombe. Simpson, mzaliwa wa New Brunswick, Kanada, 1842, alikuwa baharia wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini kabla ya kufuga ng'ombe karibu na mji wa Medicine Lodge, Kansas. Baridi kali ya 1886 iliua mifugo yake. Baadaye ukame, riba za rehani na nauli za reli zikawabana majirani.

Dawa iliyodaiwa na Muungano wa Wakulima (Farmers' Alliance), chama cha kuwatetea wakulima kama hao: mkulima aweke nafaka kwenye ghala la serikali, akopeshwe hadi asilimia 80 ya thamani yake kwa riba ndogo, asilazimike kuuza wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Wazo zuri, ila Bunge halikulipitisha.

Simpson alishinda 1890 na 1892, akashindwa 1894, akarudi 1896, akaangushwa tena 1898.