Una mawe ya figo na bado kijana? Omba upimwe kalsiamu

Jiwe la pili la figo lilinitoka nikiwa na miaka 24. Mara zote mbili niliambiwa ninywe maji mengi, nikarudi nyumbani. Kiu isiyokatika, kuamka usiku kwenda haja ndogo, choo kigumu, uchovu wa kunilaza mchana kweupe, vyote nilidhani vinatokana na kazi. Daktari wa tatu ndiye aliyepima kalsiamu kwenye damu. Ikasoma 2.9 (milimoli kwa lita), na kwa kawaida haitakiwi kuzidi 2.6 hivi.

Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nne za parathairoidi, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu. Moja yangu ilikuwa imeota uvimbe, si saratani, ikawa inamwaga homoni yake (PTH) bila kukoma na kuchota kalsiamu mifupani.

Ukipimwa, hakikisha kalsiamu na homoni hiyo vinatoka kwenye damu ya siku moja. Kalsiamu ikiwa juu, homoni ilipaswa kushuka. Kwa hiyo usitulizwe na jibu kwamba homoni "iko kawaida". Mkojo wa saa 24 nao ukusanye, japo unachosha. Husaidia kutofautisha ugonjwa huu na hali moja ya kurithi inayofanana nao sana, na hiyo upasuaji hauiponyi.

Wagonjwa walio chini ya miaka 50 hushauriwa kufanyiwa upasuaji hata kama hawajisikii vibaya. Mimi nilivutiwa na ule wa tundu dogo, unaolenga tezi moja tu, nikataka upangiwe haraka. Daktari wangu wa upasuaji alinizuia, nami namshukuru hadi leo. Aliniuliza: nani kwenu amewahi kuugua tezi, au mawe ya figo? Sikujua. Nikampigia shangazi, tukazungumza karibu saa nzima, ndugu mmoja baada ya mwingine. Kijana ana uwezekano mkubwa kuliko mzee wa kuwa na ugonjwa huu kwa kurithi (si ile hali niliyoitaja juu), na hapo mara nyingi tezi zaidi ya moja huwa mbovu. Ukitolewa moja tu, kalsiamu inapanda tena. Kwa hiyo vinasaba vyangu vilipimwa kwanza, vikaonekana salama. Ultrasaundi na skani ya nyuklia nazo zikaonyesha tezi ileile, chini kushoto. Ndipo tundu dogo likawa na maana.

Mkato ulikuwa wa sentimita tatu, kwenye mkunjo wa shingo. Tezi ilipotolewa walisubiri dakika kumi, wakapima homoni nikiwa bado usingizini. Ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu, wakafunga. Muulize daktari wako kama kipimo hicho kipo, na amefanya upasuaji huu mara ngapi, maana mshipa wa fahamu wa sauti unapita hapohapo.

Usiku wa pili midomo ilianza kunichonyota, kisha ncha za vidole. Kalsiamu ilikuwa imeshuka. Nilikuwa nimeelekezwa la kufanya: nikameza vidonge vya kalsiamu, nikapiga simu hospitali. Usilale na hali hiyo ukisubiri asubuhi.

Mgonjwa huhesabiwa amepona kalsiamu ikiwa bado sawa baada ya miezi sita. Yangu ilisoma 2.35. Bado napima kila mwaka, kwani zimebaki tezi tatu na miaka mingi mbele yangu.