Olim: zamani au baadaye?

SWALI: Mwalimu, jambo. Katika daftari la babu yangu, aliyesoma Latin-philo (mkondo wa sekondari wa Kilatini na falsafa), nimekuta «Olim hic habitabam», na chini yake «Olim hic habitabo». Mimi nilifunzwa kwamba neno la Kilatini olim ni "zamani". Babu alikosea? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Hakukosea hata kidogo, binti yangu, na daftari hilo ulitunze vizuri. Olim ni ndugu wa ollus, umbo la kale la ille, yaani "yule". Kiini chake ni "wakati ule", ulio mbali na sasa, uwe nyuma au mbele. Kitenzi ndicho kinachoamua: habitabam, "nilikuwa nakaa", habitabo, "nitakaa". Babu aliandika: "Zamani nilikuwa nakaa hapa", kisha "Siku moja nitakaa hapa".

Sisi wa Bukavu tusishangae. Kilingala kina lobi, jana na kesho kwa pamoja: lobi nayaki, nilikuja jana, lobi nakoya, nitakuja kesho. Hata "siku ile" yetu hutajwa kwa harusi iliyopita na kwa siku ya hukumu.

Kweli, maana ya "zamani" ndiyo utakayoikuta zaidi. Huwekwa hata mbele ya jina lililoachwa, mfano Bukavu, olim Costermansville. Wanafunzi wangu waliikimbilia hiyo bila kusoma sentensi hadi mwisho, na iliniumiza kila mara. Niliwaambia: weka kidole kwenye kitenzi kwanza, ndipo uiguse olim.