Maswali ya Wasomaji: Mashine imekuja, sisi tunaenda wapi?

SWALI: Mzee habari ya kazi. Mimi niko kiwanda cha maji ya chupa huku Namanve, upande wa kupakia. Juzi bosi ameleta mashine toka China, inapanga chupa yenyewe, inazifunga nailoni yenyewe, sisi tuliokuwa tunafanya kwa mkono tumebaki kuangaliana tu. Supavaiza anasema hakuna atakayefukuzwa lakini wenzangu washaanza kutafuta kwingine. Huu ni mwaka wangu wa 3 hapa, ni kibarua, sina karatasi yoyote. Haya mamashine ni maendeleo kweli ama yamekuja kutumaliza?
Msomaji, Mukono

JIBU: Ndugu yangu, ni yote mawili, na anayekwambia ni moja tu basi ama anauza mashine ama anatafuta kura.

Mazuri yapo. Kunyanyua katoni za maji kutwa kunamaliza mgongo, hilo wewe unalijua kuliko mimi, na ile oveni ya kubana nailoni haina urafiki na vidole. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, iliingia kazini kwa General Motors, kampuni ya magari kule Marekani, mwaka 1961, na kazi waliyoipa ni kutoa vyuma vya moto kwenye mashine ya kumiminia, ile ambayo mtu akiteleza kidogo anaungua. Hapo sioni wa kulalamika.

Ubaya ni kwamba mashine haianzi kumtoa meneja. Inaanza pale chini, kwenye ule mlango anaoingilia kijana aliyetoka kijijini bila cheti, na huo ukifungwa hana mwingine. Halafu zenyewe zina deko! Chupa moja ikilala kwenye konveya, ule mkanda unaozisafirisha, zinazofuata zote zinaipanda, lile jicho la mashine linalohisi chupa zikipita likipata ukungu wa maji linaona kama hakuna chupa linasimamisha laini nzima, umeme ukikatika dakika mbili mnaanza upya. Mtu angeisimamisha ile chupa kwa mkono mmoja huku anapiga stori. Hata Elon Musk, na hela zake zote, mwaka 2018 alikiri wazi kwamba Tesla, kampuni yake ya magari ya umeme, walizidisha roboti kiwandani, na kwamba watu wamedharauliwa bure.

Na hapa Uganda kuna jambo jingine. Kima cha chini cha mshahara kwenye sheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa mwaka 1984, hakijaguswa. Bunge likapitisha muswada mwaka 2019, rais akakataa kusaini. Kwa hiyo mkono wa mtu hapa ni wa bei ya chini sana, na nadhani ndio maana mashine kama hiyo imechelewa kuwafikia. Mimi sioni raha ya mtu kubakizwa kazini eti kwa sababu tu analipwa kidogo.

Sasa wewe ufanye nini. Kwanza karatasi. Kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua hawekwi hivyo zaidi ya miezi 4, baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi, na wewe umepita hapo zamani. Ukishafanya mwaka 1 mpaka 5, notisi yako ni mwezi 1 kamili. Na wakitaka kutoa watu 10 au zaidi ndani ya miezi 3 kwa sababu ya teknolojia, lazima wamjulishe kamishna wa kazi kwa maandishi. Nendeni kwa afisa wa kazi wa wilaya, muende kikundi, mtu mmoja anatishwa haraka.

Pili, jisogeze kwa yule fundi aliyekuja kufunga mashine. Mshikie spana, muulize hii taa nyekundu ikiwaka maana yake nini, andika. Yeye ataondoka, na siku laini inasimama saa nane usiku bosi atamtafuta anayejua ile taa. Ukipata nafasi fuata kozi ya umeme wa viwandani pale chuo cha ufundi Nakawa.

SWALI: Nina kinu cha posho Iganga. Nimeambiwa ninunue mashine ya kujaza na kushona magunia kiotomatiki. Ninunue?

JIBU: Una vijana wangapi kwenye kushona, na wanakaa bure saa ngapi wakisubiri unga utoke kinuni? Kama wanasubiri, shida iko kwenye kinu, mashine ya kushona itasubiri vilevile. Tena mahindi yana msimu ila mkopo wa benki hauna msimu. Muulize muuzaji spea ziko Kampala ama zinaagizwa nje, akianza kuzungukazunguka nunua ile ndogo ya kushona kwa kushika mkononi, na pesa inayobaki tengeneza kinu.