Fundi kaniambia nitie petroli kwenye jiko la babu

SWALI: Mzee, shikamoo. Nimerithi jiko la pampu la marehemu babu, Primus la shaba njano, tangi halijabonyea popote. Nataka nilifufue niwe naenda nalo kambini Usambara na wenzangu. Fundi wa mtaani amelikagua, akasema tundu la nozeli limekuwa dogo kwa uzee, atalipanua kidogo. Tena kwa kuwa mafuta ya taa siku hizi ni ya kutafuta, ameniambia nitie petroli, eti moto utakuwa mkali zaidi. Mnadani nako nimeliona Coleman la kijani la vichwa viwili. Nitengeneze la babu au ninunue lile? (Msomaji, Korogwe)

JIBU: Marahaba, mwanangu. La babu litengeneze. Petroli usitie. Na huyo fundi usimpe tena hilo jiko, hata kulifuta vumbi.

Suala la petroli naulizwa mara kwa mara, na kila anayeniuliza huwa ameshajibiwa na mtu mwingine kabla yangu. Huyo mtu ndiye ninayegombana naye hapa, si wewe.

Sijui nani alianzisha maneno kwamba petroli ina moto mkali. Lita moja ya mafuta ya taa hubeba joto zaidi kuliko lita ya petroli, kama megajuli 35 kwa 32. Kinachowadanganya watu ni wepesi wa petroli kushika moto. Mvuke wake unaweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati mafuta ya taa safi sharti yafike nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike. Jiko la babu yako limejengwa juu ya tofauti hiyo. Frans Wilhelm Lindqvist alipolibuni kule Stockholm mwaka 1892, hakuliwekea koki ya kufungia mafuta, kwa sababu halikuihitaji. Ukitaka kupunguza moto unalegeza ile skrubu ya upepo iliyo kwenye kifuniko cha tangi. Ukitaka kuzima unaifungua kabisa, presha inatoka, mafuta hayapandi tena, basi.

Kwa mafuta ya taa, kinachopumua pale kwenye skrubu ni upepo ulioupampu mwenyewe. Kwa petroli mambo yanageuka. Tangi liko chini ya moto, linapata joto. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 au 40 tu, kwa hiyo presha inapanda bila wewe kugusa pampu na moto unazidi kukua. Unashtuka, mkono unakwenda kwenye skrubu kama ulivyozoea. Sasa kinachotoka ni mvuke wa petroli, vidole vichache kutoka kwenye moto, na wewe umeinama juu yake.

Nikiwa mwanagenzi nilikabidhiwa jiko la mteja nilijaribu, hakuna aliyeniambia limetiwa nini. Nyusi ziliota tena. Ngozi ya kidole changu cha shahada haikurudi ilivyokuwa, inang'aa kama nailoni mpaka leo.

Watakwambia: mbona Svea na Optimus za kambini zinatumia petroli? Zipo zinazotumia. Svea 123, iliyotoka mwaka 1955, ina koki yake ya kufunga mafuta, na kifuniko chake kina vali ya usalama. Haina pampu kwa sababu lile joto la tangi ndilo lililokusudiwa kuisukuma. Chombo kimebuniwa kwa petroli tangu mwanzo. La babu halikubuniwa hivyo, na hakuna fundi atakayelibadilisha kwa kubadilisha kilichomo ndani ya dumu.

Tuje kwenye tundu. Shaba haizeeki ikajifinya. Tundu huziba kwa masizi, nalo linazibuliwa kwa sindano yake ndogo yenye waya, unachomeka na kutoa, basi. Nozeli ya Primus la kuvuma, yaani lile linalonguruma likiwaka, ina kipenyo cha milimita 0.32 hivi. Mtu akiichokoa kwa kitu chochote mpaka ikafika 0.5, njia ya mafuta imekuwa kubwa karibu mara mbili na nusu, wakati nafasi ya hewa kuchanganyika nayo imebaki ileile. Unapata moto wa njano mrefu, sufuria nyeusi, na harufu inayokaa kwenye nguo wiki nzima. Halafu fundi huyohuyo anakwambia mafuta ndiyo mabaya, tia petroli. Unaona mnyororo unavyokwenda? Nozeli iliyokwisha panuliwa haina dawa, inatupwa.

Matengenezo yenyewe si makubwa. Toa fimbo ya pampu utaona kikombe cha ngozi, bila shaka kimekauka na kusinyaa. Kiloweke mafuta ya mashine usiku kucha, si mafuta ya kupikia, hayo yatagandamana. Chini ya silinda ya pampu kuna vali ndogo yenye kipande cha mpira au cha kizibo cha chupa, nacho kitakuwa kimekuwa jiwe. Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapokata tyubu ya baiskeli. Tyubu ni mpira wa hewa, ukikaa kwenye mafuta unavimba na kulainika, na baada ya safari mbili mafuta yanarudi nyuma na kuingia kwenye pampu. Tafuta ule mpira mweusi wa oringi za mafuta kwenye maduka ya spea za magari, uwe pia wa kifuniko cha tangi. Chini ya kichwa cha jiko kuna washa ya risasi, yaani pete bapa ya madini laini, weka mpya. Kisha zamisha tangi tupu kwenye beseni la maji, pampu mara chache, utazame mapovu. Likitoa mapovu kwenye maungio ya chini, peleka kwa anayejua kulehemu shaba, na lioshwe mpaka lisinuke mafuta kabla moto haujalikaribia.

Kung'arisha ni hamu ya macho tu. Ukwaju au ndimu na kitambaa vinatosha, usiloweke kwa siku nzima, shaba itageuka rangi ya waridi kwa kupoteza zinki yake. Dawa za kung'arishia zenye amonia ziache kabisa kwenye tangi: amonia hupasua shaba njano iliyo kwenye mkazo, na nyufa zake huanza nyembamba kama unywele. Mimi jiko lililofubaa lakini lisilovuja nalipenda kuliko linalong'aa dirishani.

Coleman ni jiko zuri mahali pake, yaani Marekani, ambako petroli nyeupe isiyo na viongezeo inauzwa dukani kwenye makopo. Kwetu utaishia kuitilia petroli ya kituoni, na kile kibomba kinachopita juu ya moto kitajaa uchafu. Kama bei ni ya kutupa, linunue uliweke kabatini.

Kuna jambo hukuuliza. Hata ukikataa petroli, inaweza kukufuata. Uchakachuaji unaujua: mafuta ya taa yalipokuwa rahisi, watu waliyachanganya kwenye dizeli na petroli, hadi Tanzania ikapandisha ushuru wake mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Ndiyo maana leo ni ya kutafuta. Lakini kinyume chake hakisemwi sana. Muuzaji wa kando ya barabara anapima kwa dumu lililobeba petroli ya bodaboda asubuhi, linabaki na mabaki chini, halafu anakujazia mafuta ya taa juu yake. Asilimia chache tu za petroli zinatosha kuyafanya mafuta hayo yatoe mvuke unaowaka kwenye joto la kawaida la chumba. Nimeletewa majiko ambayo wenyewe wanaapa hawajawahi kutia petroli, na naamini hawasemi uongo. Mama anayewasha jiko la utambi jikoni yuko kwenye hatari hiyohiyo, naye hakuchagua chochote.

Kwa hiyo nunua kituoni, na dumu lako liwe jipya, ulipige alama ya rangi, asilitumie mtu mwingine. Spiriti ya kupashia kichwa joto kabla mafuta hayajapanda ni ile wanayotumia maseremala kuyeyushia vanishi. Washa nje ya hema. Jaza spiriti kwenye kisahani kilicho chini ya kichwa, uiwashe, skrubu ya upepo ikiwa wazi, na usubiri spiriti ikaribie kuisha ndipo ufunge skrubu na kupampu mara tano au sita tu. Ukiona ulimi wa njano unaruka, kichwa bado ni baridi: fungua skrubu, acha kila kitu kipoe, anza upya. Likivuma kwa moto wa bluu, endelea kupampu taratibu.