Maswali Yenu: Ndege wa majini, kuanzia Limuru mpaka Mida

SWALI: Hujambo kaka. Mimi nakaa Donholm na watoto wangu wawili wamependa ndege vibaya sana, hata marabou wa kwa jalala lazima tusimame tumuangalie. Disemba tunaenda Malindi kwa shangazi yao na nataka siku moja niwapeleke Mida waone ndege wa bahari. Sasa mwenzangu wa kazini alienda huko mwaka jana akaniambia ni matope tu, ndege ni vidoti huko mbali na jua linachoma kichwa. Kuna haja twende kweli? Na kabla ya hapo naweza kuwaanzishia wapi hapa Nairobi bila kutumia pesa mingi? (Mama Wawili, Donholm)

JIBU: Mama Wawili, enda. Huyo mwenzako hakukudanganya, ila nadhani alifanya vile watu wengi wa Nairobi hufanya, akaamka, akanywa chai pole pole, akafika Mida saa nne asubuhi maji yakiwa yamekupwa kabisa. Mida ni hori, maji ya bahari yanaingia na kutoka kupitia mlango mwembamba pale karibu na Watamu, na yakishatoka yanaacha uwanja mkubwa wa matope na mchanga ambao mwisho wake huuoni vizuri. Ndege wanatawanyika humo wote kutafuta chakula, kwa hivyo wewe uliyesimama kwenye mikoko unaona vidoti. Lakini maji yakianza kurudi, uwanja unapungua, na wale ndege wanasukumwa kidogo kidogo kuja upande wako, wanakaribiana, wanapanga mistari, na hapo ndio utawaona miguu, midomo, macho, kila kitu. Kwa hivyo usiulize ndege wanatoka saa ngapi, uliza maji yanajaa saa ngapi, halafu fika masaa mawili au matatu kabla ya hapo.

Na hii si kazi ngumu, mvuvi yeyote wa Watamu au Malindi atakuambia bila kuangalia simu. Maji yanajaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini kuliko jana. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana, na kwa pwani yetu siku hizo yanajaa kama saa kumi za jioni hivi. Hizo ndizo siku zako. Ukifika saa nane mchana utaona mchezo wote tangu mwanzo, tena jua la pwani linatoka baharini, kwa hivyo asubuhi ukiangalia majini mwanga unakupiga usoni na kila ndege anakuwa kivuli cheusi, lakini alasiri jua liko mgongoni na rangi zinaonekana. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayasogei sana na mambo yanapoa. Angalia kalenda yenye mwezi kabla hujamwambia shangazi mtaenda siku gani.

Ukifika kuna njia ya mbao inayoning'inia katikati ya mikoko, inaenda mpaka kibanda cha kujificha kinachoangalia matope. Lipa ile ada na roho safi, maana pesa za pale zinasaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya hapo karibu, na chukua muongozaji wa kijijini hata kama unafikiri una macho mazuri.

Sasa ndege mwenyewe wa kutafuta. Kuna mmoja mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama kisu cha bucha. Waongozaji wanamwita krab-plova kwa sababu kaa ndio ugali wake. Waambie watoto wachague mmoja tu wasimwache na macho. Atasimama kabisa bila kutikisika, halafu anakimbia hatua chache, anasimama tena, ghafla anachoma tope, na akitoka na kaa mkubwa anampigapiga mpaka miguu inatoka ndio ammeze. Huyu hazaliani kwetu. Anazaa kwenye visiwa na fuo za mchanga za Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na huko Somalia, na anachimba shimo refu kwenye mchanga anataga yai moja jeupe humo ndani, jambo ambalo ndege wengine wa jamii ya pwani hawafanyi. Joto la ule mchanga linasaidia kutunza yai. Na kitu kitakachowafurahisha watoto wako ni hiki, kinda anasafiri na mzazi mpaka huku na bado anaomba chakula. Ukiona mmoja mwenye mgongo wa kijivu kijivu anamfuata mkubwa akilialia, huyo ni mtoto anataka kaa.

Wale wadogo wa kijivu wanaokimbia kwa makundi usiwadharau. Disemba wanafanana wote na utachoka kuwatofautisha, mimi nakushauri usijisumbue. Lakini kuna kitwitwi humo waliozaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, wamefika hapa kuanzia Agosti, na Aprili wakikaribia kuondoka wanabadilika kifua kinakuwa chekundu kama tofali. Jua tu hilo. Na tafadhali sana, watoto wasikimbie kuwarusha ili wapige picha! Ndege anayejaza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita kila mara ukimrusha unamchomea chakula chake, na maji yakiwa yamejaa hana mahali pengine pa kukaa.

Kama mna siku ya pili, mto Sabaki unaingia baharini hapo kaskazini kidogo mwa Malindi. Shakwe, buabua, mwari, wakati mwingine heroe. Usiende bila mwenyeji kwa sababu kuna viboko, na sisemi hivi kukutisha. Lakini hata mkifika pale mkaona ndege wachache, waonyeshe watoto yale maji ya rangi ya udongo. Hayo ni maji yetu. Mto Nairobi unaanzia huko bwawa la Ondiri Kikuyu, unapita mjini na vile tunavyoufanyia, unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na mwisho ni hapo kwenye miguu ya hao ndege. Mfuko wa plastiki uliotupwa kwa mtaro hapa mjini una njia ya maji wazi mpaka pale. Mimi hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Kuhusu Nairobi, anzia Manguo pale Limuru, bwawa liko kando ya barabara ya Nakuru na matatu zinapita hapo hapo. Fikeni mapema, saa moja au mbili, kabla upepo haujaanza. Kuna bata wa kila aina, yangeyange, kwarara, na mtafute yule ndege wa kahawia mwenye vidole virefu ajabu anayetembea juu ya majani ya maji bila kuzama. Kwa hao dume ndiye anayeatamia mayai na kulea vifaranga, jike anaenda kutafuta mume mwingine, na hatari ikija baba anawabeba watoto chini ya mbawa unaona vidole tu vinaning'inia. Miaka ya ukame bwawa linapungua sana, kwa hivyo uliza kwanza. Halafu kwa vile shule zimefungwa Disemba, kuna matembezi ya ndege ya Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, Fleur Ng'weno aliyaanzisha 1971 na mpaka leo yapo. Utajifunza asubuhi moja zaidi ya yale nimeandika hapa.

SWALI: Bro niaje, nimeona darubini mtaani jamaa anasema inavuta mara 20 na ingine bei karibu sawa inavuta mara 8 tu. Si ile ya 20 ndio poa kwa ndege wa mbali? (Kijana wa Roysambu)

JIBU: Hapana ndugu yangu, chukua ya 8. Mkono wako unatetemeka hata kama huusikii, na ile ya 20 inakuza mtetemo pia mara 20, kwa hivyo utaona ukungu unaoruka ruka na ndege atakuwa ameshaenda kabla hujampata. Kwa darubini tafuta namba mbili, mfano 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na lenzi pana inaingiza mwanga mwingi, kitu unachokihitaji asubuhi na mapema bwawani. Kabla hujalipa toka nje ya duka, angalia maandishi ya bango la mbali, ukiona mawili mawili au kichwa kinauma rudisha hapo hapo.

SWALI: Jirani yetu huku Karen ameleta korongo wawili wenye taji, wanatembea kwa nyasi wamependeza kweli, anasema kuna mtu anaweza kuniletea na mimi. Ni sawa? (Mzee wa Bustani)

JIBU: Mzee wangu, kwa heshima zote, usinunue. Korongo taji yuko kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka tangu 2012, na sababu mbili kubwa ni kukaushwa kwa mabwawa na watu kuwakamata. Hao huishi wawili wawili na kulea vifaranga kwenye majani marefu ya bwawa. Anayekuletea kifaranga amemtoa hapo, mbele ya wazazi wake, na wengi wanakufa njiani kabla ya yule mmoja kufika kwa nyasi za Karen. Huyo anayefika hukatwa bawa asiruke, na korongo taji ni ndege wa kulala juu ya mti, hebu fikiria usiku wake unakuwaje pale chini na mbwa.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa hivyo muulize jirani kwa upole kama anacho. Kama hana, msaidie awapigie KWS waje wenyewe. Asiende kuwaachilia usiku kwa bwawa lolote, korongo aliyekatwa bawa hamalizi wiki huko.