Besi Inapita Ukutani: Fundi Anajibu Maswali ya Redio za Nyumbani

Shikamoo fundi. Nimepanga chumba Magomeni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati. Nimenunua redio ya sabufa yenye spika mbili ndogo, maana napenda dansi la zamani: Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, Mlimani Park. Chumba cha pili anakaa dada muuguzi, anaingia zamu za usiku na kulala mchana. Kila nikiwasha, anagonga ukuta. Napunguza mpaka mimi mwenyewe maneno ya wimbo siyapati, yeye bado anasema anasikia "du, du, du". Nimebandika trei za mayai ukuta mzima wa upande wake, hakuna kilichobadilika. Baba mwenye nyumba anasema kabla ya saa nne usiku niko huru, lakini sitaki ugomvi na mtu ninayekutana naye bombani kila siku. Ni kweli anasikia, au amenichoka tu?
*Mpangaji, Magomeni*

Marahaba mdogo wangu. Dada anasikia kweli, ila anachokisikia yeye sicho unachokisikia wewe.

Sauti ya mwimbaji, tarumbeta na gitaa la solo zina mawimbi mafupi. Zikigonga ukuta wa tofali uliopigwa plasta, sehemu kubwa inarudi chumbani kwako. Besi ina tabia nyingine. Mlio wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, una wimbi lenye urefu wa karibu mita 7, na chumba cha kupanga Magomeni mara nyingi hakifiki nusu ya hapo. Wimbi hilo linautikisa ukuta wenyewe, na ukuta ukishatikisika, ule upande wa pili unafanya kazi ya spika. Kwa hiyo wimbo umebaki kwako, kwa dada umepita mdundo mtupu. Na mdundo usio na wimbo unachosha kuliko muziki mzima uliofunguliwa wazi, kwa sababu aliyelala hana kitu cha kuufuata. Anausubiri tu upigwe tena.

Trei za mayai zing'oe leo. Ni karatasi nyepesi. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu ndani ya chumba chako, basi. Kuizuia sauti isivuke kunataka uzito na kunataka kuziba kila upenyo, na trei haina hata kimoja cha hivyo. Tena ni maskani ya mende, na zikiwa karibu na soketi inayopiga cheche zinashika moto upesi. Naona vijana wengi wanadanganyana kwa jambo hili na linanisikitisha, maana wanabandika kwa bidii, kisha wakishindwa wanaamua jirani ni mkorofi.

Sasa inua macho. Katika nyumba nyingi za namna hiyo ukuta wa kati unaishia usawa wa dari, haufiki kwenye bati. Juu ya dari pako wazi kutoka chumba cha kwanza mpaka cha sita, na siling bodi yenyewe ni nyembamba. Sauti inapanda, inatembea juu, inashuka kwa jirani. Hata ungeuongezea ukuta tofali la pili, njia ya juu ingebaki. Mpangaji hawezi kujenga ukuta mpaka kwenye bati, kwa hiyo shughuli yako ianzie kwenye redio.

Anza na sabufa. Naamini umeiweka sakafuni kwenye kona, pengine ukuta ule ule wa dada. Kona inaiongezea besi nguvu, kwa sababu kuta mbili na sakafu zinaisukumia mbele sauti ambayo ingetawanyika. Itoe konani, isogeze kwenye ukuta wa nje, mbali na ule mnaochangia. Kisha iondoe kwenye sakafu. Kata sponji la godoro, juu yake weka tofali la pevingi, juu ya tofali weka sabufa. Uzito wa tofali na ulaini wa sponji vikifanya kazi pamoja, mtikisiko wa boksi haushuki wote kwenye zege. Kama tofali la pevingi halipatikani, vipande vinne vya kandambili kuukuu chini ya pembe za boksi vinasaidia, ingawa si sana. Nisikufiche: hii inakata mtikisiko unaopita sakafuni tu. Besi inayokwenda hewani inapunguzwa kwa kitasa chake.

Na boksi lina tundu, ubavuni au mbele. Tundu hilo limewekwa makusudi ili kuongeza besi ya chini. Lizibe kwa soksi iliyokunjwa au sponji. Utasikia besi imekauka kidogo na imekuwa nadhifu zaidi, na kwa dansi la zamani mimi naipenda hivyo hivyo hata pasipo na jirani. Gitaa la besi la nyuzi nne, uzi wake mnene kuliko yote unapiga hezi 41. Lakini uzi ukilia hautoi hezi 41 peke yake. Unatoa pia 82, 123, 164 na kuendelea, na sikio likizipata hizo za juu linaijaza lenyewe ile ya chini. Ndiyo maana tuliokulia kwenye redio za mkulima zenye spika moja ndogo tulimfuata mpiga besi noti kwa noti. Jaribu: shusha kitasa cha besi mpaka chini, weka wimbo unaoujua vizuri, msikilize mpiga besi. Yupo.

Jambo la pili linanigusa zaidi, kwa sababu hapa watu wanapoteza muziki wenyewe. Spika zako ndogo zimekaa wapi? Juu ya kabati? Zishushe. Ziweke usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, zipishane kama mita moja, na wewe kaa mita moja kutoka kila spika, mtengeneze pembe tatu. Kila unapokata umbali nusu unapata karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), maana yake amplifaya inatosheka na robo ya nguvu kukupa sauti ile ile. Ndani ya chumba faida inapungua kidogo kwa sababu kuta nazo zinarudisha sauti, lakini bado ni kubwa. Kwa dada, spika hizo zimenyamaza. Kwako, gitaa la rithimu limekaa mkono mmoja, solo mkono mwingine kama rekodi ni ya stereo, na mwimbaji anavuta pumzi mbele yako. Watu wananunua wati nyingi kutafuta raha hii ambayo inapatikana kwa kusogeza kiti.

Umesema ukipunguza, maneno yanapotea. Nashuku kitasa cha besi kimefika mwisho, kwa hiyo sauti kuu ikishuka mwimbaji anazama chini ya mdundo. Shusha besi, pandisha kidogo trebo, kile kitasa cha sauti za juu, maneno yatatoka. Na kinachowafanya watu waipandishe besi ni hiki: sikio la binadamu muziki ukiwa wa chini linapoteza besi kabla ya kupoteza sauti za kati. Wamarekani wawili, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walilipima hilo na kulichapisha mwaka 1933, na ndiyo asili ya kile kitufe cha *loudness* kwenye redio nyingi: kinarudisha besi wakati sauti iko chini. Ni kitufe kizuri, ila kwa hali yako kizime mchana dada anapolala. Besi kinayokurudishia wewe inampitia na yeye.

Halafu kazungumze naye. Usingoje agonge. Muombe ratiba ya zamu zake. Wauguzi wanapangiwa kabla, na siku anazoingia asubuhi chumba ni kitupu mpaka alasiri. Hizo ndizo siku za kufungua sabufa. Ukishahamisha vitu, muombe mruhusiane: wewe usimame chumbani kwake mlango umefungwa, rafiki yako apandishe kitasa taratibu huku mnaongea kwa simu. Pale mnaposema wote wawili "hapo naanza kusikia", rudisha nyuma kidogo, weka alama kwenye kitasa kwa rangi ya kucha. Alama hiyo ni makubaliano yenu.

Kuhusu saa nne usiku, baba mwenye nyumba anasema mazoea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazihesabu kelele na mitetemo kuwa uchafuzi, na NEMC ndilo baraza linalosimamia. Kumsumbua mtu saa nane mchana hakuwi halali kwa sababu jua linawaka. Lakini nakuomba msifikishane huko wala kwa mjumbe, kwa jambo linalomalizwa na sponji na mazungumzo.

Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mtu mzima, nakaa Michenzani, Unguja, ghorofa ya kati. Mchana nikishamaliza kazi zangu napenda taarab. Wa chini yangu analalamika, wa juu yangu halalamiki. Mwanangu kanambia ninunue zulia zito. Kweli litasaidia?
*Bibi wa Michenzani*

Waalaykum salaam, na shikamoo bi mkubwa. Zulia linazuia vishindo: miguu ya wajukuu, kiti kinachoburutwa, kinu. Kwa sauti ya redio linafanya kidogo sana, kwa hiyo pesa yako iweke kwanza.

Majumba ya Michenzani yamejengwa kwa zege. Zege ni zito, ni zuri kwa kuzuia maneno na nyimbo zinazokwenda hewani, lakini kikigusana nalo kitu kinachotikisika linachukua mtikisiko huo mbali. Wa chini yako kulalamika peke yake kunanionyesha kuwa redio yako imekanyaga sakafu. Iweke juu ya meza, na baina ya redio na meza tia mto mgumu au sponji nene. Usiitundike kwenye rafu iliyopigwa misumari ukutani, maana hapo utakuwa umeukabidhi ukuta mzima.

Na kama redio yako ina sabufa, mimi ningeizima kabisa kwa taarab ya zamani. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri zile hazikubeba besi nzito, na gramafoni za kuzungusha kwa mkono zilizozicheza zilikuwa hazina uwezo wa kuitoa. Watu walizisikiliza, wakazipenda, wakazihifadhi. Sabufa ikiwashwa kwenye rekodi kama hizo inakuza mngurumo wa sahani tu. Hata taarab ya orkestra, uzuri wake uko kwenye fidla, ganuni, udi na kodiani, vyote vya kati na juu. Spika mbili nzuri karibu na kiti chako, dirisha la upande wa barabara wazi, hilo jengine fungia, na saa za adhana zima kama ulivyozoea. Wa chini atasikia mama yuko nyumbani, basi.

Fundi, baada ya majirani kulalamika hapa Kimara, mwanangu wa kidato cha tatu nilimnunulia spika za masikioni. Nyumba imetulia, ila sasa havui. Analala nazo. Nikikaa jirani naye nasikia wimbo mzima. Ana hatari gani?
*Mama wa watoto watatu*

Mama, kama wewe unausikia wimbo mzima kutoka masikioni mwake, ni kubwa mno. Shirika la Afya Duniani linaweka kiasi cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kwa watoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 90 mtu mzima amebakiwa na saa 4 kwa wiki nzima, na kijana anayelala na vidude masikioni anazimaliza usiku mmoja. Seli za sikio zikishakufa hazioti tena. Muulize kama anasikia mlio wa "ngiii" akizivua, au kama sauti za watu zinakuwa kama zimefunikwa. Akisema ndiyo, apumzishe masikio siku kadhaa na mpeleke hospitali akapimwe usikivu.

Vijana wengi hawaongezi sauti kwa kupenda. Wanaongeza ili kuishinda kelele ya nje, daladala, jenereta, televisheni ya sebuleni. Kwa hiyo usimnyang'anye. Mbadilishie: hedifoni zinazofunika sikio lote zinazuia kelele za nje, naye atashusha sauti mwenyewe. Simu nyingi za sasa zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio; kaeni wote wawili mkiweke, akielewa kwa nini. Usiku simu ilale sebuleni. Na jioni, kabla watu hawajalala, mruhusu saa moja ya spika za kawaida, ameketi karibu nazo kama nilivyomwelekeza yule wa Magomeni. Masikio yake yatapata hewa, na wewe utajua anasikiliza nini.