Jaribu lina saa yake

Nimeomba na watu wengi wanaosumbuliwa na dhambi ileile mwaka hadi mwaka, na mimi mwenyewe nimo katika vita hivyo. Kwa niliyoyaona, jaribu haliji ovyo. Lina saa yake, na mara nyingi mtu hushinda au hushindwa kabla saa hiyo haijafika.

Soma Mathayo 4 taratibu. Yesu alifunga siku arobaini, mwisho akaona njaa, ndipo mjaribu akamjia, na neno la kwanza lilikuwa juu ya mkate. Adui alingoja tumbo liwe tupu. Nabii Eliya naye, baada ya kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, alikimbia jangwani akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili (1 Wafalme 19). Sisi waamini huwa tunaidharau sehemu hiyo. Kuna majaribu ambayo hupungua nguvu ukila, ukalala, ukapumzika, na si udhaifu wa imani kukubali hivyo.

Basi ijue saa yako. Yangu ni jioni, nikiwa nimechoka na mtu amenijibu vibaya. Ujumbe mkali huwa tayari umeshaandikwa, kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma, na moyoni nina hoja nzuri kabisa ya kujitetea. Nimejiwekea sheria kwamba ujumbe wa hasira haujibiwi usiku. Kwa wengine saa hiyo ni usiku wa manane, taa zimezimwa, mwanga wa simu usoni, nyumba nzima imelala. Kwa wengine ni siku wanapopata fedha, au wanaporudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Ukiijua, ipange mapema: simu ilale chumba kingine, ratiba ibadilike, rafiki ajue kwamba saa fulani utampigia.

Nasema hivi kwa sababu nimeona tunavyokemea. Mtu anakemea pepo la uzinzi kwa sauti kubwa mpaka anakaukiwa koo, lakini namba bado imehifadhiwa kwenye simu na miadi ya Ijumaa haijafutwa. Naamini pepo wachafu wapo, na kwamba jina la Yesu lina mamlaka juu yao. Lakini Waraka wa Yakobo unasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe, na unapotuambia tumpinge Shetani, unatanguliza jambo moja: “Basi mtiini Mungu.” Kufuta namba ile ni utii. Ukemee, lakini ufute.

Yusufu alifanya vivyo hivyo. Tunakumbuka vazi aliloliacha mkononi mwa mke wa bwana wake Potifa, lakini mstari wa kumi wa Mwanzo 39 unaonyesha kwamba yule mwanamke alimsemesha kila siku alale naye, naye Yusufu akakataa hata kuwa naye tu. Siku ya kukimbia ilipofika, miguu yake ilikuwa imekwisha kuzoea. Na alilipwa gereza. Usidhani kila ukishinda jaribu utapongezwa.

Halafu liweke Neno moyoni kabla hujalihitaji. Majibu yote matatu ya Yesu jangwani yalitoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Hata Shetani alinukuu Maandiko, Zaburi ya 91, mstari wa 11 na wa 12, akaishia hapo. Mstari wa 13 unasema juu ya kuwakanyaga simba na nyoka. Ndiyo maana mstari mmojammoja wa kutumiana kwenye simu hautoshi. Soma sura nzima, urudie, mpaka ujue kinachofuata.

Kuna jaribu la pili ambalo huwaumiza watu kuliko lile la kwanza, nalo huja baada ya kuanguka. Sauti ileile iliyokuambia “ni jambo dogo” sasa inakuambia “wewe si wa Mungu tena, utaombaje?” Nimewaona watu wema wakiacha kuomba kwa miezi kwa ajili ya sauti hiyo, si kwa ajili ya dhambi yenyewe. Ufunuo 12 unamwita Shetani mshitaki. Roho Mtakatifu naye huhukumu dhambi, ila yeye huitaja dhambi yako kwa jina lake na kukuelekeza msalabani. Mshitaki hukutukana wewe mzima na kukuficha gizani.

Kwa hiyo ukianguka, usingoje ujisikie msafi ndipo uombe. Tubu palepale ulipo, hata kwa sentensi moja. Kisha tafuta Mkristo mmoja mkomavu, anayejua kutunza siri, umweleze jambo lenyewe kwa jina lake, bila kulizungushia maneno, kama Yakobo 5:16 inavyoagiza. Mwombe akuulize tena juma lijalo, na umwambie ni saa ngapi akuulize.